Mishipa Mitatu, Siyo Minne

Dawa ya rangi haina rangi. Hilo lilinishangaza siku ya kwanza nilipohamishiwa chumba cha moyo, na mpaka leo wagonjwa wakiiona kwenye bomba la sindano wanauliza rangi iko wapi. Ni angavu kama maji ya chupa, ila nzito kidogo. Ikidondokea glovu ikakauka, vidole vinanata kama uliyekunywa juisi ya miwa barabarani. Weusi wake unauona kwenye skrini tu, maana imejaa ayodini, na ayodini ni atomu nzito isiyoruhusu eksirei kupita kirahisi. Bila dawa hiyo, moyo kwenye skrini ni kivuli kinachodunda, basi.

Mimi ni mpiga picha. Si wa harusi. Naendesha mtambo wa eksirei kwenye maabara ya moyo, ile ambayo watu wameshazoea kuiita kathilabu. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mkono au kinena, anausukuma mpaka mlangoni mwa mishipa ya moyo, anapuliza dawa huku amekanyaga pedali, na picha inatoka. Mimi napanga mtambo na kuangalia namba mbili: dawa imekwenda mililita ngapi, na mionzi imefika wapi. Dawa nyingi inazielemea figo, hasa za mwenye kisukari. Mionzi mingi inaunguza ngozi na kuongeza hatari ya saratani huko mbele. Siku nyingi namba hizo hazininyimi usingizi. Zinaninyima akiletwa mtu ambaye moyo wake umeshapandikizwa mishipa.

Mwaka juzi, Februari, joto la Dar likiwa lile la shati kuganda mgongoni, tuliletewa mzee mmoja kutoka Moshi. Mwembamba, mrefu, kisukari cha miaka mingi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji India miaka 11 nyuma. Sasa kifua kilianza tena kumbana akipanda kilima cha kwenda shambani kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana baba, mimi wa mashine."

"Ah, basi wewe ndiye mwenyewe."

Nikamuuliza waliweka mishipa mingapi. Akanyanyua vidole vinne, kwa fahari kidogo, kama mtu anayetaja idadi ya watoto waliomaliza chuo. Nikamuuliza karatasi ya upasuaji iko wapi. "Karatasi iko nyumbani," akasema. "Si mimi mwenyewe niko hapa?"

Hapo inabidi nieleze kidogo. Mishipa inayolisha moyo ikiziba, daktari wa upasuaji haizibui. Anachukua mshipa mguuni, au ateri inayoshuka ndani ya ukuta wa kifua upande wa kushoto, anaushona uvuke pale palipoziba, damu ipite pembeni. Kwa Kiswahili cha haraka ni mchepuko. Nilipomwambia mzee hivyo alicheka mpaka mashine ya mapigo ikapiga kelele. "Walituambia michepuko siyo dili, tubaki njia kuu," akasema. "Kumbe mimi niko hai kwa michepuko minne!"

Shida yetu ni kwamba hiyo michepuko haina mahali pamoja pa kuanzia. Mishipa ya asili ya moyo unajua inapoanzia: miwili, kulia na kushoto, juu kidogo ya vali ya aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, na mrija una umbo lililokunjwa makusudi kuingia pale. Mshipa wa mguuni unaanzia popote pale daktari wa upasuaji alipotoboa tundu kwenye aota siku ile. Ateri ya kifua inaanzia mbali kabisa, kwenye mshipa unaopita chini ya mtulinga wa kushoto kwenda mkononi. Kuipata ukitokea mkono wa kulia ni kazi ya kuzunguka. Ndiyo maana wengi kwa wagonjwa hawa hupitia kinena au mkono wa kushoto. Ukitumia wa kushoto inabidi umlaze mtu mkono ukivuka juu ya tumbo, mto chini ya kiwiko, ili daktari aliyesimama upande wa kulia aufikie.

Huna karatasi, basi unatafuta. Na kutafuta ni kupuliza: unagusa ukuta wa aota na ncha ya mrija, unapuliza mililita mbili tatu, unaangalia kama kuna kitu kinachukua dawa. Hakuna. Unazungusha mrija kidogo, unapuliza tena. Kila mpulizo ni dawa kwenda kwenye figo, na kila sekunde mguu ukiwa kwenye pedali ni mionzi.

Ateri ya kifua tuliipata ikiwa wazi, inapitisha vizuri. Mshipa wa kwanza wa mguuni tukaupata, wa pili tukaupata. Wa tatu wa mguuni, yaani wa nne kwa hesabu ya mzee, ukakataa kuonekana. Tulibadilisha mirija mitatu. Daktari akaamua kumwaga dawa nyingi kwa mkupuo kwenye aota yenyewe, kwa pampu, tuone kama kuna kishina chochote kitakachojitokeza. Hakikutokea. Mzee akaninong'oneza, uso umemshuka, "Mwanangu, nadhani nimejikojolea." Hakuwa amejikojolea. Dawa ikiingia nyingi kwa mara moja mwili unapata joto ghafla, na joto hilo linatua kiunoni. Karibu kila mtu anadhani hivyo. Tangu siku hiyo nawaambia kabla.

Tulipokata tamaa, mezani palikuwa na chupa tupu za dawa jumla ya mililita 210. Skrini ilisoma mionzi ya miligrei 1,640, yaani grei 1.64, na muda wa kukanyaga pedali dakika 31. Kwa kulinganisha, ngozi inaweza kuanza kuwa nyekundu kwenye grei 2 hivi, kwa hiyo hatukuwa mbali. Ripoti ikaandikwa kwamba mchepuko wa nne umeziba tangu mwanzo wake.

Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachopanda figo zikielemewa, asubuhi ile ilikuwa 118. Siku ya tatu ilisoma 176. Mtu aliyepangiwa kulala usiku mmoja akalala sita, akiwa na dripu, huku mkewe akihesabu nauli. Figo zilirudi taratibu, na hazikufika pale pale zilipokuwa.

Siku ya nne mtoto wao wa Moshi alifungua sanduku la chuma la mama yake, akaipiga picha ile karatasi na kuituma WhatsApp. Kurasa mbili, zilizochapwa kwa Kiingereza, na mwisho mchoro wa kalamu wa moyo. Daktari aliukuza mchoro kwa vidole viwili, akanyamaza, kisha akanipa simu.

Mishipa ilikuwa mitatu. Ateri ya kifua moja, mishipa ya mguuni miwili. Lakini mmoja wa ile ya mguuni ulishonwa sehemu mbili: ubavu wake kwenye mshipa mmoja wa moyo, kisha ukaendelea mbele na ncha yake ikashonwa kwenye mwingine. Kama daladala yenye kituo katikati. Madaktari wa India walihesabu mishono upande wa moyo, wakapata minne, wakamwambia mzee minne, na hawakukosea. Sisi tulikuwa tunahesabu matundu kwenye aota. Tulitumia nusu ya muda ule kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa, halafu tukaandika kuwa kimeziba. Ripoti ikabidi iandikwe upya.

Naieleza kwa sababu watu wanaponiuliza namna ya kupunguza dawa na mionzi wanategemea nitaje mtambo mpya. Mitambo mipya ipo na inasaidia. Ila kwa mtu aliyepandikizwa mishipa, sijaona kifaa kinachoifikia karatasi ile, na bei yake ni fotokopi. Familia nyingi hapa zilipeleka wazee wao India, kabla na hata baada ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa hapa Dar mwaka 2015 na upasuaji huo kufanyika nyumbani. Walirudi na bahasha kubwa za kaki zenye filamu, risiti, CD isiyofunguka, na ndani yake kurasa mbili za maana. Bahasha ikaingia sandukuni pamoja na hati ya kiwanja.

Kuna madaktari wa upasuaji wanaoshona kipete kidogo cha chuma pale mshipa unapoanzia kwenye aota. Kwenye skrini kinaonekana hata kabla ya tone la dawa, kando ya zile nyaya za mfupa wa kifua zilizopangana kama vifungo vya shati. Unapeleka mrija moja kwa moja kwenye pete. Nikikutana na kifua chenye vipete nafurahi kama nimepewa likizo. Wengine hawaviweki. Sababu zao nimezisikia na hazijaniingia.

Hii kazi yote, picha na upasuaji, ilizaliwa kwenye hospitali moja, nami napenda kuwasimulia wanafunzi wanaokuja mazoezini. Cleveland, Marekani, mwaka 1958, Mason Sones alikusudia kupuliza dawa kwenye aota ya kijana mmoja mwenye ugonjwa wa vali. Mrija ukateleza ukaingia kwenye mshipa wa moyo wa kulia, na mililita 30 hivi zikaenda humo. Wakati huo iliaminika kwamba dawa ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo ni kifo. Moyo ukasimama kweli. Sones akampigia kelele mgonjwa akohoe, akakohoa, moyo ukarudi. Ndivyo picha ya mishipa ya moyo ilivyopatikana. Mwaka 1967, katika hospitali hiyo hiyo, Mwajentina René Favaloro akaanza kutumia mshipa wa mguuni kuvusha damu. Leo kwenye mshipa wa kulia tunapuliza mililita tatu hadi tano. Nikiwa na daktari anayemwaga hovyo, huwa najisemea kwamba thelathini zilishajaribiwa.

Baada ya yule mzee nilianza kusoma kwa hasira. Utafiti ulionikamata ni wa Barts Heart Centre, London, unaoitwa BYPASS-CTCA, uliochapishwa kwenye jarida la Circulation mwaka 2023. Walichukua wagonjwa 688, wote walishapandikizwa mishipa na wote walikuwa wanasubiri kuingizwa mrija. Kwa kura, wengine walitangulizwa kwenye kipimo cha CT cha moyo, yaani picha za eksirei za kuzunguka mwili bila kuingiza mrija moyoni, wengine wakaenda moja kwa moja. Waliotanguliza CT, muda mezani ulishuka kutoka wastani wa dakika 39.5 hadi 18.6. Walioumia figo kwa sababu ya dawa walikuwa asilimia 3.4, na wale wengine asilimia 27.9. Matatizo ya mezani nayo yalikuwa asilimia 2.3 dhidi ya 10.8.

Niliisoma asilimia 27.9 mara mbili. Zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Mzee wetu hakuwa na bahati mbaya hata kidogo, alikuwa kawaida.

Siyo kwamba nimemeza kila kitu. Ni hospitali moja, na kila aliyekuwa chumbani alijua nani ana picha za CT na nani hana. Tena CT yenyewe inatumia dawa ile ile na mionzi ile ile, kwa hiyo ukimwambia mgonjwa kwamba kipimo cha ziada kimempunguzia mionzi, ujumlishe kwanza. Ninachoamini ni kwamba dawa ikigawanywa kwa siku mbili tofauti figo zinapata nafasi ya kujisafisha katikati. Na mara nyingine CT inajibu swali lote, mrija hauingii kabisa.

Kuhusu mionzi ya CT, watu bado wanaiogopa kwa sifa za zamani. Zilifanyika tafiti mbili za kimataifa zinazofuatana. Ya mwaka 2007 ilikuta kipimo cha kawaida cha CT ya moyo ni milisiviti 12 hivi, milisiviti ikiwa kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Ya mwaka 2017 ikakuta kimeshuka kwa asilimia 78. Binadamu yeyote anapata wastani wa milisiviti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, anga na chakula, bila kukanyaga hospitali. Kwa aliyepandikizwa mishipa CT inabidi ianzie juu zaidi, usawa wa mtulinga, ili iioneshe ateri ya kifua tangu inapotoka, kwa hiyo mionzi inazidi kidogo ya mtu wa kawaida. Lakini mgonjwa akiwa mwembamba unaweza kushusha umeme wa mtambo kutoka kilovoti 120 hadi 100, na hapo kuna kitu kitamu: eksirei za nguvu ndogo zinaiona ayodini vizuri zaidi. Mionzi inapungua na dawa inapungua, kwa kitufe kimoja.

Mezani kwetu, mambo ni madogo madogo na ya kuchosha. Kipokea picha kishushwe karibu na kifua kama sinia lililoinamishwa, maana kikiachwa juu mtambo unaongeza mionzi wenyewe ili kufidia. Mapazia ya kando yafungwe, tuangalie moyo tu, si mapafu yote mawili. Picha 7.5 kwa sekunde badala ya 15 zinatosha kutafutia mshipa. Pedali ni mbili, ya kuangalia na ya kurekodi, na ya kurekodi inaweza kula mionzi mara 10 ya mwenzake. Kama ni kuonesha tu kwamba mshipa umeziba, hifadhi zile ulizoangalia. Halafu kuna ugonjwa ambao hauna dawa: daktari anageuka kuzungumza na nesi, mguu umebaki pale pale. Mimi nasema "Daktari, mguu." Kwa heshima mara ya kwanza. Mara ya tatu heshima inakuwa imepungua. Na mimi nina ubinafsi wangu, maana mionzi inayodunda kifuani mwa mgonjwa ndiyo inayonifikia mimi nyuma ya aproni ya risasi. Beji yangu ya kupimia mionzi inasomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha, nami naisubiri namba hiyo kama matokeo ya kidato cha nne.

Upande wa figo, wagonjwa wengi wanatuletea figo kavu. Wameambiwa wasile wala kunywa tangu saa nne usiku, kisha ratiba inasogea, wanaingia saa tisa mchana midomo imepasuka. Maji matupu mtu anaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kipimo kianze katika hospitali nyingi, na hii habari ya kuwakausha watu usiku kucha ni mazoea tu ya wodi. Kwetu tuligombana nayo mwaka mzima. Vidonge vya asetilisisteini vya kuyeyusha kwenye maji tulivitoa kwa miaka ili kukinga figo, mpaka utafiti mkubwa wa mwaka 2018, wenye wagonjwa karibu 5,000, ulipoonesha havikingi chochote. Maji ya chumvi kwenye mshipa yalibaki.

Mzee alirudi mwishoni mwa mwaka jana. Kifua tena. Safari hii daktari alimtanguliza CT, kwa mililita 70 za dawa, kidonge cha kupunguza mapigo, na kubana pumzi ambako mzee alikufanyia mazoezi kwenye basi. CT ikasema: ateri ya kifua nzima. Mshipa mmoja wa mguuni umeziba kabisa tangu kwenye aota, msihangaike nao. Ule wenye kituo katikati umebana, muda mfupi kabla ya kituo. Kwa mshipa wa mguuni wa miaka 12 hakuna aliyeshangaa. Vitabu vinasema karibu nusu yake huwa imeharibika ikifika miaka 10, wakati ateri ya kifua nyingi zinadunda tu.

Alikuja kwetu siku tisa baadaye, kreatinini imepimwa, maji ameyanywa. Mkono wa kushoto, mto chini ya kiwiko. Daktari alikwenda kwenye mshipa mmoja tu, akauingia kwa jaribio la pili, akaweka stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wazi. Mililita 85. Ukijumlisha na za CT ni 155, bado ni chini ya zile 210, na hazikuingia siku moja. Miligrei 520. Nilizitazama zile namba mpaka daktari akaniuliza kama kuna tatizo.

Nilipokuwa nafunika mtambo mzee aliniita kwa kidole. Karatasi ya upasuaji ilikuwa bado imebandikwa kwa plasta kwenye kioo cha chumba cha kuongozea mitambo, tulipoiweka ili kila mtu auone ule mchoro.

"Mama," akasema, "mkimaliza nayo mnirudishie. Mke wangu yuko pale nje kashikilia bahasha tupu."